Kuandaa Mtihani wa Vituo (OSCE) kwa Wanafunzi wa Uuguzi: Mwongozo Kamili kwa Wanaosoma Uzamili wa Elimu ya Uuguzi

Anayesoma shahada ya uzamili katika elimu ya uuguzi hafiki mbali kabla ya kupewa kazi hii: andaa mtihani wa vitendo, uendeshe, kisha utetee alama zake mbele ya jopo. Kuuandaa wengi wanauweza. Kuutetea ndiko kunakowashinda, kwa sababu ubora wa OSCE huamuliwa wiki kadhaa kabla kengele ya kwanza haijalia, na makosa ya wiki hizo hayarekebishiki siku ya mtihani.

Mwongozo huu unafuata mtihani mmoja tangu karatasi ya kwanza hadi ripoti. Tuchukulie wanafunzi 48 wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Idadi yako ikiwa tofauti, badilisha hesabu. Mantiki haibadiliki.

Jua mtihani huu unapima nini, na haupimi nini

OSCE, kifupi cha Kiingereza cha Objective Structured Clinical Examination, ambayo wengi huitamka "oski", ilianzishwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, na ikachapishwa mwaka 1975. Walikuwa wanatibu ugonjwa unaojulikana hata leo kwenye wodi zetu: mwanafunzi mmoja anapata mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, mwenzake anapata mgonjwa mgumu na mtahini mkali, kisha alama zao zinalinganishwa kana kwamba walifanya mtihani mmoja. Katika OSCE wote hupita vituo vilevile, kwa muda uleule, na hupimwa kwa karatasi ileile.

Mwaka 1990 George Miller alipanga umahiri katika ngazi nne: mtu anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anatenda. OSCE iko ngazi ya tatu. Kwa hiyo usiandike kituo ambacho mwanafunzi anaulizwa "taja dalili tano za upungufu wa damu". Hilo ni swali la karatasi, na umepoteza mtahini na dakika nane kulipima. Tena usidai kwamba aliyefaulu OSCE atatenda hivyohivyo saa nane za usiku, peke yake, kwenye wodi yenye wagonjwa 40. Ngazi ya nne hupimwa wodini, kwa kumwangalia mtu kwa muda mrefu. Ripoti ikisema wazi mpaka huu, jopo litakuwa na swali moja gumu pungufu.

Jedwali la utahini kwanza, vituo baadaye

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuanza na vituo. Wakufunzi wanakaa, kila mmoja anataja anachokipenda, na mtihani unaishia na vituo vitatu vya kufunga kidonda bila hata kimoja cha kuzungumza na mgonjwa. Anza na jedwali. Mistari iwe maeneo ya mtaala: ujauzito na uzazi, mtoto mchanga, tiba na upasuaji, watoto, afya ya jamii, afya ya akili. Safu ziwe aina za stadi: kupima na kutafsiri, kutenda, kukokotoa na kutoa dawa, kuwasiliana na kufundisha, kuamua na kuandika kumbukumbu.

Weka vituo 10 vyenye kazi, na kila kituo kikalie chumba kimoja kikuu cha jedwali. Hakikisha hakuna safu tupu, wala safu yenye zaidi ya vituo vitatu. Uzito wa kila eneo ufuate saa zake kwenye mtaala na uzito wa madhara likikosewa. Kumhuisha mtoto asiyepumua hakuhitajiki kila siku, lakini dakika ya kwanza ikipotea hairudi, kwa hiyo kituo hicho kinastahili nafasi hata kama saa zake darasani ni chache.

Mpe jedwali mtu ambaye hakushiriki kuliandaa, umwombe aandike kila kituo kinapima nini kwa kusoma kichwa chake tu. Mkitofautiana kwenye vituo viwili au zaidi, vichwa havieleweki au vituo vimebeba mambo mengi mno.

Kuandika kituo: mfano wa magneziamu salfeti

Kituo kimoja, kazi moja. Tuone kanuni hii inavyofanya kazi kwa kuandaa kituo cha mama mwenye kifafa cha mimba, anayehitaji magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege.

Wazo la kwanza la mwandaaji huwa "mwanafunzi atoe dozi ya kuanzia". Sasa hesabu muda. Dozi ya kuanzia iliyomo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ina sehemu mbili: gramu 4 za myeyusho wa asilimia 20 kwenye mshipa, zikisukumwa polepole kwa muda usiopungua dakika 5, kisha gramu 10 za asilimia 50 kwenye misuli, gramu 5 kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 kwenye kila bomba. Hakuna mwanafunzi atakayetayarisha na kutoa yote hayo ndani ya dakika 8. Ukilazimisha, utakuwa unapima kasi ya mikono, na wale makini zaidi ndio watakaokatizwa na kengele.

Kwa hiyo ligawe. Kituo cha kwanza: kutayarisha na kuanza dozi ya mshipa. Kituo cha pili, kisicho na mtahini: kusoma chati ya ufuatiliaji na kuamua kama dozi inayofuata itolewe.

Kila kituo kinahitaji karatasi tano, na ikikosekana moja kituo hakijakamilika: maelekezo ya mtahiniwa, maelekezo ya mtahini, maelekezo ya mgonjwa wa kuigiza, orodha ya vifaa, na cheklisti.

Maelekezo ya mtahiniwa yawe mafupi, yasomeke kwa dakika moja mlangoni. Kwa mfano:

"Mama wa miaka 22, ujauzito wa wiki 36, amepata degedege nusu saa iliyopita. Sasa ametulia, anaitika. Presha yake ni 170/110. Dripu imewekwa na inapita. Daktari ameagiza magneziamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa. Tayarisha dozi hiyo, kisha anza kuitoa. Dozi ya misuli haihusiki na kituo hiki. Una dakika 8."

Sentensi ya mwisho kabla ya muda inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayookoa kituo. Isipokuwepo, nusu ya wanafunzi wataanza kuandaa dozi ya misuli na mtahini atalazimika kuingilia. Kila mtahini anapoingilia kwa maneno yake mwenyewe, usawa umevunjika.

Hesabu inayotarajiwa ni hii. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 50 ina gramu 5, yaani kila mililita ina gramu 0.5. Gramu 4 ni mililita 8. Ukiongeza mililita 12 za maji ya sindano unapata mililita 20 za asilimia 20. Angalia stoo kabla ya kuandika cheklisti, kwa sababu zipo pia ampuli za mililita 2 zenye gramu 1. Mililita 8 zitabaki 8, lakini mwanafunzi atavunja ampuli nne badala ya moja na muda utambana. Hakikisha pia bomba la mililita 20 lipo. Likiwa ni la mililita 10 tu, mwanafunzi atagawa dozi mara mbili na cheklisti yako haitajua la kufanya naye.

Dawa halisi haitumiki. Chukua ampuli za maji ya sindano za mililita 10, moja uibandike lebo ya magneziamu, mbili zibaki maji. Ampuli tatu kwa kila mtahiniwa ni 144 kwa wanafunzi 48. Ongeza akiba ya karibu asilimia 10, ziwe 160. Kwenye kila lebo ya bandia andika kwa herufi kubwa SI DAWA – MAFUNZO TU, zihesabiwe zikitolewa na zihesabiwe zikirudi. Ampuli yenye lebo ya uongo ikipotelea mfukoni mwa koti jeupe na kufika wodini ni hatari kwa mgonjwa wa kweli. Hili halina mjadala.

Kituo cha pili kiwe na chati ya saa nne na swali moja: utoe dozi inayofuata ya gramu 5 au la, na ufanye nini? Weka upumuaji 14 kwa dakika, rifleksi ya goti haipo, mkojo mililita 80 kwa saa 4. Mwanafunzi anatakiwa kukumbuka masharti matatu ya kuendelea: upumuaji usiopungua 16 kwa dakika, rifleksi ya goti ipo, mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa kwa saa nne zilizopita. Hapa yote matatu yamevunjika, kwani mililita 80 kwa saa 4 ni 20 kwa saa. Jibu: zuia dozi, ita msaada, endelea kuangalia upumuaji, andaa kalsiamu glukonati, kiuasumu cha magneziamu, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, kwa ajili ya kutolewa polepole kwenye mshipa.

Angalia mtego mmoja. Ukifanya kituo hiki kitegemee jibu la kituo kilichotangulia, aliyekosea kule ataadhibiwa mara mbili. Pia, kwa kuwa wanafunzi huanzia vituo tofauti, wengine watafika hapa kwanza. Kila kituo kisimame peke yake.

Cheklisti: mahali mtihani unapoharibika kimyakimya

Hii hapa cheklisti ya kituo cha kwanza, jumla alama 20:

1. Anathibitisha mgonjwa kwa jina na namba ya jalada – 1
2. Anamweleza mama anachofanya, na kwamba atahisi joto mwilini dawa ikiingia – 2
3. Ananawa au anatakasa mikono – 1
4. Anasoma lebo kwa sauti: jina, nguvu ya dawa, tarehe ya kuisha – 2
5. Anapata mililita 8 kwa hesabu sahihi – 4
6. Anavuta dawa bila kuchafua sindano – 2
7. Anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, jumla 20 – 3
8. Anahakikisha njia ya mshipa inapita kabla ya kusukuma – 1
9. Anaanza kusukuma polepole na anataja muda usiopungua dakika 5 – 3
10. Anatupa sindano kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha bila kuifunika tena – 1

Vipengele ni 10 tu. Cheklisti ya vipengele 30 humfanya mtahini aangalie karatasi badala ya mwanafunzi, na humlipa yule anayesema kila kitu haraka kama anayekariri. Vilevile uzito haulingani. Kila kipengele kikiwa na alama 1, mwanafunzi aliyekosea hesabu na kumwingizia mama dawa isiyochanganywa anaweza kuondoka na 8 kati ya 10 kwa sababu alisalimia vizuri na kunawa mikono. Tumeweka alama 7 kati ya 20 kwenye vipengele 5 na 7 kwa sababu hapo ndipo mama anapopona au anapodhurika.

Kila kipengele kieleze tendo linaloonekana au kusikika. "Anazingatia usafi" hakipimiki. "Anavuta dawa bila kugusa mdomo wa ampuli uliovunjwa wala shina la sindano" kinapimika. Na usiunganishe matendo mawili kwa "na" bila kusema alama inagawanyikaje. Kwenye kipengele 4, maelekezo ya mtahini yaseme: vitatu vyote alama 2, viwili alama 1, kimoja sifuri.

Kisha kuna kosa la hatari: kusukuma dawa ya asilimia 50 bila kuichanganya. Liwekee kisanduku chake chini ya cheklisti. Litafanywa nini lazima liamuliwe kabla ya mtihani na litangazwe kwa wanafunzi. Tunapendekeza liwe la kufeli kituo hicho na kurudia stadi hiyo mbele ya mkufunzi, si kufeli mtihani mzima. Kituo kimoja ni sampuli ndogo mno kubeba hukumu hiyo.

Mwisho wa karatasi weka tathmini ya jumla, ambayo mtahini huijaza kabla ya kujumlisha alama: 1 hajafikia, 2 yuko mpakani, 3 anatosha, 4 vizuri, 5 bora. Mpangilio huo ni muhimu. Akijumlisha kwanza, atalinganisha tathmini na alama, na utapoteza ushahidi wa pili unaouhitaji kupanga alama ya ufaulu.

Wagonjwa wa kuigiza na watahini

Mgonjwa wa kuigiza hapewi hadithi tu. Anapewa maneno kamili ya kuanzia, mambo atakayosema bila kuulizwa, yale atakayosema akiulizwa tu, na asichoweza kukisema hata akiulizwa. Fanya naye mazoezi angalau mara mbili. Kituo cha kupima presha kikimtumia mtu mmoja kwa watahiniwa 24, mkono wake utauma na vipimo vitabadilika. Mbadilishe baada ya watahiniwa 12. Mlipe, umpe maji na chakula, na umweleze haki yake ya kusimamisha kituo akiumizwa. Kuna kituo cha kuzungumza na mama aliyepoteza mtoto? Muulize kwanza mwigizaji, faraghani, kama jambo hilo linamgusa. Wengi hawatasema wasipoulizwa.

Watahini wanahitaji kikao cha saa mbili, wiki moja kabla. Mtu aigize kituo mara tatu: mara moja vibaya, mara moja vizuri, na mara moja katikati, pale ambapo watu wenye akili timamu watabishana. Kila mtahini ajaze karatasi peke yake. Wanaotofautiana kwa zaidi ya alama 2 kati ya 20 wajadiliane kipengele kwa kipengele. Mara nyingi lawama inaangukia maneno ya kipengele kuliko watahini, kwa hiyo rekebisha maneno hayo palepale. Mkubaliane pia mtahini haruhusiwi kufundisha, kutikisa kichwa wala kusema "vizuri". Anasoma sentensi zilizoandikwa tu. Kwenye kituo chetu ana moja: mwanafunzi akishaanza kusukuma na kutaja muda, anasema "chukulia dakika zimepita".

Na mkufunzi aliyewafundisha wanafunzi hao mwaka mzima asikae kwenye kituo cha somo lake kama kuna mtu mwingine. Huona kile anachojua mwanafunzi anakiweza, hata kama leo hakukifanya.

Hesabu ya muda na nafasi

Vituo 10 vyenye kazi na viwili vya mapumziko ni 12. Kila kituo dakika 8, pamoja na dakika 2 za kuhama na kusoma maelekezo mlangoni, jumla 10. Mzunguko mmoja ni dakika 120 na unabeba watahiniwa 12. Kwa watahiniwa 48 unahitaji mizunguko minne, yaani saa 8 tupu. Ni ndefu mno. Mtahini wa saa ya saba hayuko sawa na wa saa ya kwanza. Endesha njia mbili sambamba, A na B, kila moja ikirudia mara mbili: saa 3:00 hadi 5:00 asubuhi, kisha saa 5:30 asubuhi hadi 7:30 mchana.

Vituo viwili kati ya 10 ni vya kuandika, visivyo na mtahini, kwa hiyo kila njia ina watahini 8, zote mbili 16, na wawili wa akiba. Ongeza mlinda muda mmoja kwa njia zote, mtu wa vifaa kila njia, na mmoja wa kuwaongoza wanafunzi.

Kundi la pili lazima liwe limefungiwa kwenye chumba chake kabla kundi la kwanza halijatoka. Waingie saa 4:30, simu zikusanywe, pawe na choo ndani ya eneo hilo. Kundi la kwanza litoke kwa mlango mwingine. Mahali penye mlango mmoja, kundi la kwanza lisubiri ndani hadi la pili likae vituoni. Siri ya mtihani huvuja kwenye korido kuliko ofisini.

Usitegemee kengele ya umeme. Firimbi na saa mbili za mkononi zinatosha, na umeme ukikatika mtihani unaendelea. Kila anayehitaji mwanga wa kusoma chati akae karibu na dirisha.

Jaribio la awali

Siku tatu hadi tano kabla, pitisha watu wawili au watatu kwenye kila kituo: wauguzi wapya waliohitimu mwaka uliopita wanafaa sana, kwa kuwa kiwango chao kiko karibu na cha wanafunzi. Pima muda. Muuguzi aliyehitimu asipomaliza kwa dakika 6 na nusu, mwanafunzi hatamaliza kwa 8. Punguza kazi, usiongeze muda, maana ukiongeza dakika kwenye kituo kimoja umeziongeza kwenye vyote 12.

Siku yenyewe

Mengi yataharibika, na kila moja liandikwe kwenye karatasi ya matukio: saa, kituo, mtahiniwa namba ngapi, nini kilitokea, kilichukua muda gani. Manikini imepasuka mfuko wa hewa katikati ya kumhuisha mtoto? Mtahini anasimamisha saa ya kituo hicho, anaandika, na mwanafunzi anamalizia dakika zilizobaki kwenye kituo chake cha mapumziko. Hiyo ni sababu ya pili ya kuwa na vituo hivyo. Bila karatasi ya matukio, rufaa ya mwanafunzi inakuwa neno lake dhidi ya neno la mtahini.

Mtu wa vifaa akusanye karatasi baada ya kila mzunguko na aangalie visanduku vitupu papo hapo. Tathmini ya jumla iliyosahaulika haikumbukiki jioni.

Alama ya ufaulu: usiseme "50" kwa mazoea

Hapa ndipo kazi ya uzamili inapojitofautisha. Asilimia 50 kwa vituo vyote inadai kwamba vituo vyote ni vigumu sawa, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Kwa vituo 8 vyenye watahini, tumia njia ya mstari wa mpakani: mstari unaopitishwa kati ya alama za watahiniwa wote huonyesha alama ya cheklisti inayolingana na tathmini ya mpakani. Kwenye jedwali la Excel, safu moja iwe tathmini ya jumla ya kila mtahiniwa (1 hadi 5), nyingine alama yake ya cheklisti kwa asilimia. Fomula ya SLOPE inakupa mteremko wa mstari, INTERCEPT inakupa pale unapoanzia. Tuseme kituo cha magneziamu kimetoa mteremko 13 na mwanzo 29. Tathmini ya mpakani ni 2, kwa hiyo alama ya ufaulu ni 29 + (13 × 2) = 55. Kwenye cheklisti ya 20 hiyo ni alama 11. Fanya hivyo kwa kila kituo. Njia A na B zichambuliwe pamoja, lakini kwanza linganisha wastani wao: tofauti kubwa kituo hichohicho humaanisha mtahini mmoja ni mkali au vifaa havikufanana.

Vituo viwili vya kuandika havina tathmini ya jumla, basi mstari hauwezekani. Hapo tumia njia ya William Angoff ya mwaka 1971. Waamuzi sita wanaojua kiwango cha mwaka wa mwisho wanamfikiria mwanafunzi wa mpakani, yule ambaye mngesita kumpa wodi, na kwa kila kipengele kila mmoja anakadiria uwezekano wake wa kukipata. Makadirio yakiwa 60, 70, 50, 65, 70 na 45, wastani ni 60. Kipengele cha alama 4 kinachangia 2.4 kwenye alama ya ufaulu. Wafanye hivyo kabla ya kuona matokeo. Kosa la kawaida hapa ni waamuzi kumfikiria mwanafunzi wa wastani badala ya wa mpakani, na alama ya ufaulu hupanda hadi isiyofikika. Wafafanulie huyo wa mpakani kwa maandishi mwanzoni.

Wastani wa alama za ufaulu za vituo 10 ndio alama ya ufaulu ya mtihani. Tuseme 57.5. Ongeza sharti la kufaulu angalau vituo 6 kati ya 10, ili aliyebebwa na vituo vinne vyepesi asipite akiwa ameanguka vingine vyote. Wenye madaraja ya kudumu kwenye kanuni za chuo chao wataoanisha alama hizi na madaraja hayo baada ya kuzipata, na njia ya kuoanisha iandikwe kabla ya mtihani.

Je, alama hizo zinaaminika?

Kokotoa alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi vituo vinavyokubaliana, kwa kutumia vituo kama vipengele. Fomula, ambamo k ni idadi ya vituo na varianisi ni kipimo cha kutawanyika kwa alama: k/(k−1) × (1 − jumla ya varianisi za vituo ÷ varianisi ya jumla ya alama). Kwa vituo 10, kama jumla ya varianisi za vituo ni 1950 na varianisi ya jumla ni 6000: 10/9 × (1 − 0.325) = 0.75. Kwa OSCE, 0.7 na kuendelea hukubalika kwa kawaida. Sasa kosa sanifu la upimaji, yaani kiasi ambacho alama ya mtu inaweza kupotoka kwa bahati tu: mkengeuko sanifu wa jumla ni mzizi wa 6000, karibu 77 kati ya alama 1000, yaani asilimia 7.7. Zidisha kwa mzizi wa (1 − 0.75), ambao ni 0.5. Unapata takriban 3.9. Aliyepata 58 na aliyepata 56 kwa kweli hawatofautishiki kwa mtihani huu. Baadhi ya vyuo huongeza kosa hilo moja juu ya 57.5 na kudai 61.4, ili mgonjwa alindwe dhidi ya aliyepita kwa bahati. Ni uamuzi wa kimaadili zaidi kuliko wa hesabu. Utakaouchagua, ueleze na uutetee.

Kwa kila kituo chenye mtahini angalia R-mraba, fomula ya RSQ, yaani kipimo cha 0 hadi 1 cha uhusiano kati ya tathmini ya jumla na cheklisti. Chini ya 0.5, jiulize kwa nini mtahini anaona mwanafunzi mzuri huku cheklisti inampa alama ndogo. Jibu mara nyingi liko kwenye uzito wa vipengele. Kisha ondoa kituo kimoja kimoja na ukokotoe alfa upya. Kituo ambacho kikiondolewa alfa inapanda kina tatizo: soma karatasi ya matukio kabla ya kukifuta, kwa maana pengine kosa lilikuwa dripu iliyogoma kupita, na kituo chenyewe ni kizima. Na kituo cha mawasiliano kikionyesha uhusiano mdogo na vingine, usikitupe haraka. Kinapima kitu kingine, na ndiyo sababu kiliwekwa kwenye jedwali.

Mrejesho

Mpe kila mwanafunzi alama yake kwa safu za jedwali la utahini, si kwa vituo vilivyotajwa kwa jina: kutenda, kukokotoa, kuwasiliana, kuamua. Kwa njia hiyo anajua pa kufanyia kazi na vituo vyako vinaweza kutumika tena. Waliofanya kosa la hatari waonwe mmoja mmoja ndani ya wiki, kabla hawajarudi wodini, kwa sababu wodini ampuli si ya maji.

Vituo vilivyofanya kazi vihifadhiwe na karatasi zote tano, alama ya ufaulu, R-mraba yake na tarehe. Vile vilivyorekebishwa viandikwe kilichobadilishwa na sababu. Ampuli za bandia zihesabiwe, zifungiwe kabatini, na ufunguo usainiwe.